Jumapili Yangu Ni Lini?

Bwana Yesu asifiwe. (Amina.) Asifiwe tena. (Amina.)

Asanteni kwa kunialika, na poleni. Nasema poleni kwa sababu leo ni Jumamosi: wengi wenu mmeamkia jumuiya alfajiri, mkapitia sokoni, na sasa mmeketi hapa mpaka saa saba mchana kusikiliza habari za kupumzika. (Kicheko.) Kamati iliponipigia simu kuniomba nije ilikuwa saa nne usiku, na mimi nilikuwa bado nafunga hesabu za ofisi. Kwa hiyo msinione mtaalamu.

Tuanze na amri yenyewe, ile ya kuitunza Sabato, siku ya kupumzika. Walutheri na Wakatoliki tunaihesabu ya tatu, Waanglikana na Wasabato wanaihesabu ya nne. Tusigombane, amri ni ile ile. Tuliikariri wakati wa kipaimara tukafaulu, tukaisahau. Lakini Biblia imeiandika mara mbili, na sababu zake hazifanani. Kutoka 20 inasema pumzika kwa kuwa Mungu aliumba kwa siku sita, ya saba akastarehe. Kumbukumbu la Torati 5, Musa anapoirudia mbele ya kizazi kipya, uumbaji haugusi kabisa. Anawaambia: kumbukeni mlikuwa watumwa Misri.

Mtumwa ni mtu ambaye siku yake si yake. Someni Kutoka 5. Waisraeli wanaomba ruhusa ya safari ya siku tatu jangwani wakamtolee Mungu wao dhabihu. Farao anajibu, "Wavivu ninyi, wavivu." Akawanyima majani ya kufanyia matofali, wayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali ikabaki pale pale. Wangapi hapa ofisini kwenu wamepunguza watu na malengo hayakupungua? (Minong'ono.) Naona mnatazamana. Wengine tumeshatoka Misri siku nyingi ila Farao tumehama naye. Ukiketi kwenye kochi dakika kumi mchana, unamsikia: mvivu wewe.

Kuna jambo jingine napenda kulitaja, hasa kwa tuliokulia pwani. Mwanzo 1 inasema ikawa jioni, ikawa asubuhi, siku moja. Jioni inatangulia. Wazee wetu nao walihesabu hivyo: bibi yangu akisema usiku wa Alhamisi, alimaanisha usiku ambao kukicha ni Alhamisi. Siku kwake ilianza jua likizama, ndiyo maana saa moja ya usiku ni saa moja. Fikirini sasa: siku inaanza kwa kulala. Unapoamka, Mungu ameshafanya kazi saa kumi na mbili bila msaada wako. Sisi tumegeuza, siku inaanza kengele ya simu inapolia saa kumi alfajiri ili tuwahi gari kabla ya foleni, na usingizi ni kile kinachobaki, kikibaki.

Nije kwa nabii Eliya, maana huyu ananigusa. Jana yake hivi alikuwa mlima Karmeli, moto umeshuka, manabii wa Baali wameaibika. Halafu malkia Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu wa kumtishia kifo, na shujaa anakimbia mpaka jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Ingekuwa sisi tungemfanyaje? Tungemkemea pepo wa kukata tamaa. Tungempangia mfungo wa siku tatu na mkesha Ijumaa. Malaika alimgusa, akamwambia inuka ule. Mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena! Na malaika hakumwambia umelala mno. Alirudi mara ya pili na kumwambia ale, kwa sababu safari ni kubwa. Mahubiri hayakuwepo. Swali la "unafanya nini hapa" lilikuja baadaye, mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini. Wako watu kanisani tunawaombea miaka na miaka, na walichohitaji kwanza ni chakula cha moto na mtu wa kuwashikia mtoto walale.

Sasa turudi Kumbukumbu 5, tuisome orodha. Apumzike nani? Wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, ng'ombe, punda, mgeni aliye ndani ya malango yako. Mke hayumo. (Kicheko cha kina mama.) Baba zetu waliligundua hilo mapema, ndiyo maana pilau ya Jumapili haijawahi kukosekana. Lakini mke hayumo kwa sababu yumo ndani ya "wewe". Anaambiwa yeye mwenyewe apumzike, na ahakikishe na mjakazi amepumzika vile vile kama yeye.

Hapo nilikamatwa. Nyumbani tulikuwa tukitoka ibada ya kwanza tunakuta meza imeandaliwa, tunakula, tunalala. Tukijisifu kwamba familia yetu inaitunza Jumapili. Siku moja dada anayetusaidia kazi aliniuliza akiwa anaosha vyombo, bila hasira, "Mama, na mimi Jumapili yangu ni lini?" Nilikaa kimya. Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau saa ishirini na nne za mapumziko kila wiki, na siku ishirini na nane za likizo ya mwaka. Ofisini naifahamu kifungu kwa kifungu. Jikoni kwangu ilikuwa haijafika.

Kwanza tulimpa Jumapili mchana. Alirudi jioni akakuta sinki limejaa, akakunja mikono ya gauni. Kwa hiyo haikuwa siku ya mapumziko, ilikuwa kazi iliyoahirishwa. Sasa anaondoka Jumamosi jioni, anarudi Jumapili usiku, na vyombo tunaosha sisi kabla hajafika. Mume wangu amejifunza kupika wali. Wiki za mwanzo ulikuwa bokoboko. (Kicheko.) Tuliula.

Nimetazama ratiba, inasema baada yangu ni chakula, kisha kikao cha maandalizi ya mavuno. Mwenyekiti, nakuheshimu, kikao hicho kinaweza kungoja wiki ijayo. Na harufu hii ya pilau mnayoisikia tangu nianze kusema, kuna kina mama wanne nyuma ya ukumbi wameipika tangu alfajiri, na hawajasikia neno hata moja la mada hii. Waiteni waje wakae viti vya mbele, wapakuliwe wao kwanza. Wazee wa kanisa, masufuria ni makubwa, naomba mkunje mashati. Sabuni iko kwenye ndoo ya bluu.