Chuo Kilichoolewa

Wanaonisikiliza kila mwaka wanajua nitaanzia wapi. Wanivumilie. Naanza na wosia.

Elizabeth Jesser Reid alikuwa mjane wa daktari, mwenye fedha zake. Mwaka 1849 alitoa pauni 1,500, chuo cha wanawake, ndicho Bedford, kikafunguliwa katika nyumba namba 47, Bedford Square, London. Fedha akazikabidhi kwa wadhamini watatu, wote wanaume. Wahadhiri nao wengi wanaume, kwa hiyo ilibidi mama mmoja wa heshima aketi darasani kipindi kizima, awachunge wasichana. Mnacheka? Bibi zenu walichungwa vivyo hivyo, na wala hawakupewa darasa.

Reid alifariki mwaka 1866. Wosia wake ukaacha fedha mikononi mwa wanawake watatu: Elizabeth Bostock, Jane Martineau na Eleanor Smith. Wote hawajaolewa. Haikutokea tu hivyo, ni mpango! Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mali ya mke ilikuwa chini ya mumewe. Mdhamini akiwa na mume, kesho bwana huyo anaingiza mkono kwenye sanduku la chuo. Hebu fikirini: wale ambao kila harusi shangazi zao waliwauliza, “Na wewe lini?”, ndio walioaminiwa funguo.

Sasa oneni. Mwaka 1985 chuo chenyewe kikaolewa. Bedford kikafungasha, kikatoka Regent's Park, makao yake ya baadaye hapo London, kikahamia Egham, nje ya jiji, kwa chuo cha Royal Holloway. Cheti cha ndoa kinasomeka Royal Holloway and Bedford New College. Nani anamaliza jina lote hilo? Tangu 1992 wanasema Royal Holloway, basi. Thomas Holloway, tajiri wa vidonge na marhamu, jina lake linaning'inia getini. Chuo chake kilifunguliwa 1886, Bedford kikiwa na miaka 37!

Najua mtakalosema. Holloway nacho kilikuwa cha wanawake, ndiyo. Serikali ilikuwa imebana fedha za vyuo vikuu, ndiyo. Sijasema wasiungane. Nauliza nani alibeba mizigo na nani alibaki kwake. Kuna mtu huniambia kila mara kwamba hata Bedford si jina la Reid, ni la mtaa. Kweli kabisa, na hilo ndilo linalonikera zaidi: jina la mama mwenye fedha halikuwahi kuwa jina la chuo hata siku moja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi mwaka 1878, Chuo Kikuu cha London kilipowafungulia wanawake digrii, naruka. Wanaume kuingia Bedford 1965, naruka. Lakini Sarah Parker Remond simruki: Mmarekani mweusi, alianza kusoma pale mwaka 1859, na masomo yakiisha anapanda jukwaani kuwahutubia Waingereza dhidi ya utumwa. Reid mwenyewe alikuwa mpinga utumwa. Huyo Remond anahitaji saa nzima peke yake, nami nimebakiwa na dakika mbili za maswali. Haya, yule dada wa nyuma.