Shona mwenyewe kiti cha mkanda cha kupandia miti, kwa cherehani ya nyumbani

Asalaam aleikum jamaa, hamjambo. Leo tunashona kiti cha mkanda cha kupandia miti. Hiki hapa. Hakifiki nusu kilo, ukikikunja hakizidi nazi iliyofuliwa, na utakaa juu ya mwembe saa nzima ukipunguza matawi huku mikono yote miwili iko huru. Mimi kazi yangu ni kushona, lakini miti naipenda sana. Hii miembe mikubwa ya Mombasa yataka watu wa kuikwea na kuihudumia, si watu wa kuikata kila inapomwaga majani uani.

Neno moja kabla ya cherehani. Hiki ni kiti cha kukalia, kamba ikiwa imekazwa juu yako muda wote. Hakikushonwa kumdaka mtu anayeanguka. Kwa hiyo usipande juu ya pale ulipofunga kamba, na usiiache ilegee. Na si cha mnazi. Mnazi hauna tawi la kupitishia kamba, waachieni wakwezi na vidato vyao. Mwembe sawa, mkwaju ndio mzuri zaidi, mti mgumu ule. Mkanju mimi sipandi, matawi yake siyaamini. Na kama unalipwa kupanda, nunua kiti kilichopimwa kiwandani, chenye alama ya EN 813, kiwango cha Ulaya cha viti vya namna hii. Hiki ni cha shambani kwako na mwembe wako.

Haya, vitu. Mkanda wa viti vya gari, mpya, wa kukatwa kutoka kwenye roli, mita mbili. Nasema mpya. Mkanda uliotolewa kwenye gari kuukuu umekaa juani miaka, na jua hula nyuzi kabla jicho halijaona. Upana wake ni kama sentimita 4.7. Napenda huu kwa sababu ni poliesta. Nailoni nayo ina nguvu, lakini ikilowa hupungua nguvu na kunyooka, na hapa kwetu unyevu hauishi.

Tatizo ni kwamba dukani utaonyeshwa mikanda mingine ya plastiki inayong'aa, ile ya mabegi, uambiwe ni ileile. Si ileile. Sogeza kamera hapa kwenye ndoo, mwanangu. Nakata vipande viwili, navikamua ndani ya maji mpaka mapovu yatoke. Ona. Huu wa gari umezama. Huu mwingine unaelea. Unaoelea ni polipropilini, huyeyuka mapema kwa joto, nao haupandi mti na mimi. Ukienda kununua, omba kipande, nenda nacho nyumbani, kitie ndooni. Utajua kwa dakika moja.

Uzi: nailoni ya kushonea mahema na mabegi, namba 69. Uzi wa nguo hapana. Rangi yake iwe mbali na rangi ya mkanda. Mkanda wangu mweusi, uzi wangu mweupe, kwa hiyo ushono mmoja ukikatika nauona tangu mlangoni. Sindano namba 18. Cherehani yangu ni hii nyeusi ya kukanyaga, na kwa kazi hii siibadilishi na ya stima, kwa sababu inakwenda polepole na ina nguvu.

Pima. Futi ianzie mfupa wa nyonga huu, ipite nyuma juu ya makalio, ifike mfupa wa pili. Mimi ni sentimita 56. Ongeza 10 kila upande, 76. Mara mbili, 152. Ongeza 15 za kulalishana, 167. Kata, choma ncha kwa mshumaa mpaka ziyeyuke na kushikana. Usiguse, inaunguza.

Sasa sikilizeni wazo lenyewe. Mkanda huu mmoja tunaufanya pete. Pete ukiilaza, inakuwa mikanda miwili: wa juu unakaa kiunoni nyuma, wa chini unapita chini ya makalio. Mikunjo miwili ya pembeni ndiyo masikio ya kufungia kamba. Uzito wako wote unabebwa na pete. Kitambaa cha katikati ni cha kukupa raha tu, kikichanika chote bado umekaa. Kwa hiyo kiungo kinachobeba roho ni kimoja, hapa pete inapofungwa, na muda wetu wote utaishia hapo.

Lalisha ncha sentimita 15. Kabla ya kushona, pitisha kidole kuzunguka pete nzima uone kwamba haikujipinda. Banisha kwa vibanio vya nguo, pini usitumie.

Jaribu kwanza kwenye kipande. Tabaka mbili za mkanda, sawasawa na kazi yenyewe. Kanyaga... simameni. Stima imekwenda. Haidhuru, cherehani hii haijali, lakini nyinyi hamuoni. Nasogea dirishani. Afadhali? Haya.

Nimeshona mistari mitatu kwenye kipande. Juu ni kuzuri kabisa, mmeona. Sasa GEUZA. Angalieni chini. Uzi wa chini umelala umenyooka, unaweza kuuvuta wote kwa kucha. Huu si mshono, huu ni uzi umelazwa juu ya mkanda. Hapa ndipo watu wanapodanganyika: juu kunapendeza, mtu anafurahi, anapanda. Uzi mnene unataka kukazwa tofauti na wa nguo. Ukiona wa chini umenyooka namna hii, kaza skrubu ya uzi wa juu kidogo, robo mzunguko, shona tena, geuza tena. Ukiona wa juu ndio ulionyooka, legeza. Fundo la nyuzi mbili likae katikati ya mkanda, lisionekane juu wala chini.

Robo tena. Geuza. Bado. Robo nyingine. Geuza. Hapo sasa.

Tunaingia kwenye pete. Urefu wa ushono milimita 3. Mistari inakwenda kwa urefu wa mkanda, sentimita 12 kila mmoja, kwenda na kurudi, jumla mitano. Msishone mistari ya kukata upana, matundu ya sindano yakijipanga hivyo mkanda unapata njia ya kukatikia. Hesabu ya haraka: mstari mmoja ni ushono 40, mitano ni 200. Uzi wa 69 peke yake unabeba karibu kilo 5. Mia mbili mara tano ni elfu. Hesabu hiyo ni ya karatasini, matundu na misuguano hupunguza, ndiyo maana hatushoni mstari mmoja tukasema yatosha.

Zungusha gurudumu kwa mkono mwanzoni. Mstari wa kwanza, haya. Geuza uangalie chini. Wa pili. Geu— ngojeni. Mmesikia ule mlio? Ushono umeruka. Sogea, waone. Hapa, na hapa pengine, mapengo mawili. Sindano imepata joto na ncha imechoka. Siendelei juu yake. Nafumua mstari huu wote, natia sindano mpya, narudia. Sindano ni shilingi chache, na tawi la mwembe liko mita nane juu.

Nimerudia, mistari yote mitano imetimia. Geuza. Chini na juu ni mamoja. Mwisho rudisha ushono kama kumi juu ya mwenzake.

Kitambaa haraka. Turubai jepesi au wavu, mimi nachagua wavu, kwa joto hili la Kaskazi mgongo utanishukuru. Pana katikati sentimita 28, nyembamba kuelekea masikioni. Pindo, shona kwenye mkanda wa juu na wa chini. Masikio: kunja pembeni, acha tundu la sentimita 6, shona mikanda miwili pamoja nyuma yake, na ndani ya tundu vesha kipande cha mkanda wa ziada ili kamba isisugue pete yenyewe. Mkanda mwembamba wenye bizimu mbele kiunoni, na miwili ya mapajani ili kiti kisipande mgongoni. Hapo hakuna siri, shoneni.

Mbele, kamba inayounganisha masikio: kamba ya kupandia, milimita 10, mita moja na nusu. Fundo lenye umbo la tarakimu 8 kila sikio, lirudishwe kwenye njia yake, mkia ubaki sentimita 10 au zaidi. Karabina ya chuma, ile kulabu ya kufunga na kufungua inayoshikana na kamba ya mtini, inakaa katikati ya kamba hii. Na kamba yoyote inayokimbia isipite juu ya mkanda ulioshonwa, msuguano huyeyusha poliesta.

Kujaribu. Tawi la chini, makalio sentimita 30 kutoka ardhini. Kaa. Tikisika. Kisha ning'iniza magunia ya mchanga mazito kukushinda, acha usiku kucha. Asubuhi shusha, nenda penye mwanga, angalia kiungo juu, halafu geuza. Ushono uliosogea au uzi uliovutika, fumua ushone upya.

Kusafisha ni maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni kidogo, ukaanike kivulini. Jiki hapana, na usikiweke kamwe karibu na tindikali ya betri.

Mkanda, uzi na sindano ninavyo, nauza kwa seti. Ukiagiza, nitajie kipimo cha nyonga kwa sentimita, na useme unataka wavu au turubai.