Ni kweli Uingereza unafungwa ukikataa kutoa paswadi? Leo nawajibu

Watu wangu wa Nairobi, hamjambo. Kila nikiweka video swali ni lile lile: ati huku polisi wanaweza kukufunga ukikataa kutoa paswadi? Najua nikijibu kuna watakaosema naringa na majuu, na wengine waseme nalalamika ilhali nilipanda ndege mwenyewe. Semeni tu.

Ni kweli. Kuna sheria ya mwaka 2000 inaitwa RIPA. Polisi wakipata kibali, wanakupa notisi ufungue data uliyoifunga. Ukikataa ni hadi miaka 2 jela, na kesi ikihusu usalama wa taifa au picha chafu za watoto, hadi 5. Usimbaji fiche wenyewe, yaani kufunga ujumbe au data isisomwe na mtu mwingine, haujakatazwa. WhatsApp, ambayo hufunga ujumbe hivyo, natumia kama nyinyi.

Kinachoniuma ni bekapu, zile nakala za data za simu zinazohifadhiwa mtandaoni. Februari 2025 Apple iliondoa huku ule ulinzi wa ziada wa iCloud, hifadhi yake ya mtandaoni, ambao hata Apple wenyewe hawawezi kuufungua. Magazeti yaliandika kwamba serikali ilidai ipewe njia ya kuingia kwenye data hizo. Serikali haikukubali wala kukana. Niliufungua ukurasa wake kwenye simu, nikakuta maandishi kwamba watumiaji wapya hawapewi tena.

Mtaniuliza, kwani unaficha nini? Jamani, siku hizi hata kibali cha kuishi hakina kadi, ni eVisa. Pasipoti, payslipu, stetimenti za benki, zote ziko kwenye simu. Halafu wakala wa nyumba anataka nimtumie makaratasi hayo yote kwa imeili ya kawaida, anayapoteza, anayaitisha tena! Hilo linanichoma sana.

Wala si huku peke yake. Australia tangu 2018 inaweza kulazimisha kampuni isaidie kufungua mawasiliano. India mwaka 2021 ilitaka WhatsApp iweze kumtaja aliyeanzisha ujumbe. WhatsApp ikaenda kortini. Nyumbani Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano, na bado Telegram ilizimwa wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2023.

Mimi makaratasi yangu nimeyatoa iCloud, nimeyaweka kwenye diski niliyoifunga kwa paswadi. Hayo ni yangu, kila mtu na hali yake. Wewe unayejaza fomu za viza sasa hivi, muulize wakili wa uhamiaji kwanza.