Maji ya Sola ni ya Vuguvugu: Rejeta au Sakafu?

Mambo vipi wadau, karibuni huku chini besimenti, nyumbani kwangu Denver. Nje ni hasi 8, theluji imelala, lakini jua linawaka kama la Dodoma. Ndiyo maana nina paneli juu ya paa. Siyo za umeme, ni za kupasha maji, na maji yanaingia kwenye tangi hili. Paneli na pampu tulishamaliza. Leo tunachagua kitu cha kulileta joto la tangi chumbani: rejeta, yaani bamba la chuma la ukutani linalopita maji ya moto ndani, au mabomba ndani ya sakafu.

Kwanza, jua chumba kinataka wati ngapi. Fundi atakupigia hesabu, twende. Chumba changu cha mfano ni mita za mraba 15, na usiku wa baridi kali kinataka wati 750.

Pili, fungua katalogi ya rejeta. Hapa usiruke video, tafadhali. Unaiona hii namba kubwa? Isikubabaishe. Shusha macho kwenye vimaandishi vya chini: 180°F. Hizo ni nyuzi 82 za Sentigredi. Kwa hiyo wati zote zilizoandikwa hapa ni za maji ya nyuzi 82! Tangi la sola mwezi wa Januari likikupa 43, shukuru Mungu. Na kwa maji ya 43, rejeta hiyohiyo inatoa kama robo tu.

Mimi mwaka wa kwanza nilisoma namba kubwa, nikanunua rejeta tatu kwa mbwembwe. Mke wangu alilala na koti wiki mbili. Mpaka leo shemeji zangu wakipiga simu wananiuliza kama nyumba imeshapata moto. Kwa hiyo narudia: angalia joto la maji, ndipo uangalie wati.

Hesabu yake: 750 mara 4, unatafuta rejeta iliyoandikwa wati 3,000. Katalogi ikiwa ya BTU kwa saa, kipimo cha joto cha Wamarekani, gawa kwa 3.4 upate wati. Ndiyo, ni dude zito, la mabamba mawili au matatu. Zipo ndogo zenye vifeni ndani, zinafanya kazi vizuri, ila mimi zinanivumia usiku kama mbu. Zile besibodi za nyumba za zamani, bomba lenye mapezi linalopita chini ukutani, zina ugonjwa huohuo: utazungusha ukuta mzima na bado utavaa soksi mbili.

Sasa kipenzi changu. Vueni viatu. Sakafu hii ya zege na vigae ina mabomba ya plastiki ya PEX ndani, yamepishana sentimita 15. Uso wa sakafu ukizidi joto la chumba kwa nyuzi 1, kila mita ya mraba inatoa kama wati 11. Chumba nyuzi 20, sakafu 25, mita za mraba 15: wati zaidi ya 800. Tumemaliza! Maji ya nyuzi 35 tu yanatosha. Usipitishe 29 juu ya sakafu, miguu italalamika.

Rejeta ya maji moto inasusa joto la tangi likishuka kidogo. Sakafu inakomba mpaka ukoko. Na maji yakirudi kwenye paneli yakiwa yamepoa, paneli haipotezi joto jingi angani, inavuna zaidi.

Ila zege ni zito kuamka, na likishawaka halizimiki upesi. Chumba chenye madirisha makubwa ya kusini, upande linakopiga jua huku, kitakutoa jasho mchana. Ghorofani kwenye mbao nimeweka rejeta. Na zulia nene, hapana! Mama mkwe alituletea moja zuri sana; tumelitundika ukutani.

Kabla ya kumwaga zege, jaza mabomba presha na uiache humo wakati zege linamwagwa, geji uione. Ikishuka, simamisha kazi.

Haya, tupande tukaiwashe ile ya ghorofani... Ngoja. Sogeza kamera. Chini ni moto, juu ni baridi kabisa. Hiyo ni hewa imekwama, siyo rejeta mbovu. Zima pampu, chukua kifunguo hiki kidogo, legeza hapa pembeni nusu mzunguko. Nusu! Sssss... unasikia? Subiri mpaka maji yatoke bila kukohoa. Kitambaa, nipe kitambaa! Funga. Sasa cheki presha ya mfumo, imeshuka, ongeza maji kidogo. Washa pampu. Weka mkono juu hapa.

Eeh, inakuja.