Diwani Aliyetoka Loko

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wastaafu wenzangu wa reli, habari za mchana.

Naona wengine mmeshaanza kutabasamu. "Mzee leo tena na Chifley wake." Ndiyo, leo tena. Nitaacha kumtaja siku nitakapomsikia diwani mmoja, mmoja tu, akisema aligombea kwa ajili ya madaraja na mitaro, si kwa sababu foleni ya ubunge ilikuwa ndefu.

Kwa wageni tu: Joseph Benedict Chifley, watu wakimwita Ben, alikuwa dereva wa treni wa mji wa Bathurst, huko New South Wales, Australia. Mtoto wa mhunzi, aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1885. Baadaye akawa waziri mkuu, kuanzia Julai 1945 hadi Desemba 1949. Hayo ya uwaziri mkuu yameandikwa kila mahali, sina haja ya kuyapigia kelele. Mimi nataka niwapeleke loko, kwenye karakana ya vichwa vya treni.

Bathurst iko bara, kama kilomita 200 magharibi mwa Sydney, ng'ambo ya milima. Reli ilifika pale mwaka 1876. Septemba 1903 kijana Chifley akaingia karakana ya vichwa vya treni, kazi ya chini kabisa, ya kutumwa huku na kule. Akapanda akawa msafishaji. Mliowahi kuona kichwa cha mvuke mnajua maana yake. Unaingia penye masizi, unakwangua majivu, unatoka hata mama yako hakujui. Kutoka hapo unakuwa mtia makaa, na ukijaliwa unakuwa dereva. Chifley alifika udereva wa daraja la kwanza mwaka 1914, bado hajatimiza miaka 29, mmoja wa vijana wachache waliowahi kufika pale mapema hivyo. Ni mwaka uleule reli yetu ya kati ilipofika Kigoma, ili mjue tunazungumzia zama gani.

Na mchana akiendesha, usiku akisoma. Shule alipata kwa vipande tu, maana utoto wake mwingi aliumaliza shambani kwa babu yake, analala juu ya gunia la makapi. Kwa hiyo alijisomesha ukubwani: uchumi, sheria za kazi, mitambo. Baadaye akawa anawafundisha vijana wa loko wanaotaka kufanya mtihani wa udereva. Hilo la kufundisha mlishike, maana ndilo litakalouma mbele.

Haya. Agosti 1917. Vita Kuu inaendelea. Katika karakana za reli na tramu za Sydney menejimenti inaleta kadi: kila kazi unayofanya inaandikwa imechukua muda gani, na anayeandika ni msimamizi, si wewe. Kadi yenyewe huioni. Fikiria mtu anakuandikia uvivu wako kwenye karatasi, nawe huruhusiwi kuisoma! Mafundi wakaweka vifaa chini. Mgomo ukasambaa kama moto wa nyika, ukafika Bathurst, na dereva Chifley akatoka na wenzake.

Mtaniambia: "Mzee, kadi ilikuwa ya mafundi wa Sydney. Dereva wa Bathurst ilimhusu nini?" Swali hilo naulizwa kila mwaka, na kila mwaka anayeuliza ni mtu ambaye hajawahi kuwa na chama cha wafanyakazi. Tuendelee.

Mgomo ulishindwa. Chifley akafukuzwa kazi. Baadaye wakamrudisha, lakini si kama dereva. Wakamrudisha kama mtia makaa.

Nataka mlielewe hili vizuri. Ndani ya kichwa cha mvuke mko wawili. Dereva ameshika regyuleta, mkono wa kufungulia mvuke, macho njiani. Mtia makaa ana beleshi. Anatupa makaa, anaangalia presha, anaangalia kioo cha maji, maana maji yakishuka chini ya paa la tanuru boila inaweza kulipuka na hamtapata hata wa kuzikwa. Sasa treni inapanda milima ile kuelekea Sydney, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa mtia makaa umepinda njia nzima. Na anayekaa kwenye kiti cha dereva ni kijana uliyemfundisha wewe. Juzi alikuwa anakuita mwalimu. Leo anakwambia, "Presha imeshuka, ongeza makaa."

Mimi nimefanya kazi reli miaka 31. Niliwahi kushushwa cheo mara moja, kwa jambo ambalo mpaka leo silikubali, na ilikuwa miezi minne tu. Miezi minne hiyo sikuongea na mtu nyumbani. Marehemu mke wangu alidhani naumwa. Chifley alirudishiwa udereva baadaye, lakini ile nafasi yake ya ukongwe kazini, ile inayoamua nani anapata safari gani na mshahara gani, haikurudi mpaka mwaka 1925, serikali ya New South Wales ilipobadilika. Miaka minane!

Alifanya nini miaka hiyo minane? Kulewa? Kulalamika baani? Mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha madereva na watia makaa cha nchi nzima. Akawa anasimama mbele ya mahakama ya kazi, na vitabu vyake vya usiku, anabishana na mawakili juu ya saa za kazi na malipo. Na miaka mingi baadaye, akiwa mkubwa, aliwaambia wabunge wazi kwamba kama wagomaji wa 1917 wangetendewa kwa uvumilivu kidogo, yeye asingekuwa bungeni. Ukatili ule ndio uliomtoa kwenye udereva wa kawaida ukamfanya waziri mkuu. Alisema bila kutukana mtu. Mimi ningetukana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona, ahsante.

Sasa udiwani, ambao ndio niliitiwa. Mwaka 1928 Chifley alishinda ubunge wa jimbo la Macquarie. Mwaka 1931 akawa waziri wa ulinzi. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali inakata matumizi na mishahara, naye akaunga mkono mpango ule. Chama chake mwenyewe cha madereva, alichokianzisha kwa mikono yake, kikamfukuza uanachama. Desemba mwaka huohuo wapiga kura nao wakamtoa. Hana uwaziri, hana ubunge, hana hata chama cha madereva.

Waziri wa zamani anafanya nini? Huku kwetu anasubiri uteuzi. Anakaa karibu na simu. Chifley mwaka 1933 aligombea udiwani katika halmashauri ya Abercrombie, vijiji vya wafugaji na wakulima jirani na Bathurst. Barabara za vumbi, madaraja. Akawa hata mwenyekiti wa halmashauri. Mwaka 1940 akarudi bungeni, 1941 akawa waziri wa fedha katikati ya vita, 1945 waziri mkuu Curtin akafariki na Chifley akawa waziri mkuu, tena wizara ya fedha hakuiachia. Na udiwani je?

Hakuuacha mpaka mwaka 1947.

Nisikilizeni. Kwa muda wa miaka miwili hivi waziri mkuu wa Australia alikuwa pia diwani wa Abercrombie. Najua mtakachosema: mrundikano wa vyeo. Haya, sikatai, mtu mmoja kofia tatu si jambo la kuigwa. Lakini msijifiche nyuma ya hoja hiyo. Mbunge wa kwetu ni mjumbe wa halmashauri kwa mujibu wa sheria, haombi kofia, amevalishwa. Nitajieni kikao cha mwisho mlichomwona amekaa mpaka mengineyo. Kimya. Nilidhani hivyo. Chifley udiwani kwake haukuwa kituo cha kubadilishia treni. Ndicho ninachokisema miaka yote hii nanyi mnanichekea.

Na nyumba yake. Nyumba ndogo ya Busby Street, Bathurst, waliyopewa na wazazi wa mkewe Elizabeth. Mkewe alibaki pale, na mzee akiwa Canberra hakuhamia makazi rasmi ya waziri mkuu, alipanga chumba Hotel Kurrajong. Siku hizi ile nyumba ni makumbusho.

Sasa namwona ndugu yangu wa chama cha walimu ameinua mkono tangu robo saa iliyopita, na najua atasema nini: 1949. Ndiyo. Wachimba makaa ya mawe waligoma katikati ya majira ya baridi, umeme ukakatika Sydney, na tarehe 1 Agosti Chifley akapeleka wanajeshi migodini. Mgomaji wa 1917 huyohuyo. Nimesoma maelezo yote, kwamba uongozi wa mgomo ulikuwa wa wakomunisti, kwamba viwanda vilikuwa vinafungwa. Nayaelewa. Lakini kila nikimfikiria na beleshi lake mwaka 1917, siwezi kumtetea kwa moyo mweupe, na sitajaribu leo.

Nilikuwa na sehemu nzima juu ya mabenki, jinsi alivyotaka kuyataifisha mwaka 1947 akashindwa mahakamani, na jinsi anguko la mabenki la 1893 lilivyokuwa limeimeza akiba ya familia yake. Na mradi wa umeme na maji wa Snowy Mountains. Muda umekwisha, tutayasema mwakani.

Alishindwa uchaguzi Desemba 1949, mbele ya mpinzani wake Robert Menzies, aliyechukua uwaziri mkuu. Tarehe 13 Juni 1951, usiku, bunge lilikuwa na dansi ya kusherehekea miaka 50 ya shirikisho. Chifley hakwenda, alibaki chumbani kwake Kurrajong, na moyo ukamkamata hukohuko. Aliyetangaza msiba ukumbini alikuwa Menzies mwenyewe, na dansi ikaishia pale. Alirudishwa Bathurst kuzikwa. Pale mjini wameweka kichwa cha mvuke, namba 5112, wanasema aliwahi kukiendesha.

Maswali, mwenyekiti. Ila la mgomo wa makaa nimeshalijibu.