Shule za serikali Kanada ni bure kwa mwanao? Nawajibu mnaotaka kumleta mtoto peke yake

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sina matembezi na sioneshi bei za sokoni. Nimekaa kujibu swali ambalo kila nikiweka video nalikuta chini linanisubiri: "Dada, huko Kanada si shule za serikali ni bure? Nataka mwanangu aje asome kwako, nifanyeje?"

Nimechelewa kulijibu kwa sababu najua yatakayofuata. Nikitaja gharama nitaambiwa nalia njaa wakati nimeshiba. Nikisema inawezekana nitaambiwa naringa. Na yupo aliyeniandikia kwamba sisi tulioko huku tukishavuka tunavuta na daraja ili wenzetu wasipite. Hilo neno liliniuma, niseme ukweli, kwa sababu ujumbe wenu naujibu usiku nikitoka kazini, na sijawahi kumdai mtu hata shilingi kwa kumjibu. Kwa hiyo nawaomba, nisikilizeni kwanza, hukumu ije baadaye.

Shule ya serikali huku ni bure au si bure kutegemea karatasi za mzazi wa mtoto. Si karatasi za mjomba, si za shangazi, si za kaka yake aliyepata uraia. Ni za mzazi. Wengi mnaonitumia mipango yenu mmeanzia kwa mtoto, na karibu kila anayeniuliza ananiambia ana ndugu huku. Ndugu anasaidia mengine, ada hapana.

Nitawapa mfano wa nyumbani kwangu, hapa jimbo la Ontario. Nimelea watoto wawili kwa wakati mmoja, binti yangu na mtoto wa dada yangu. Shule moja, basi moja la asubuhi, chakula kutoka sufuria moja. Binti yangu sijamlipia ada hata siku moja, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuja kusoma diploma kwenye chuo cha umma, na sheria ya elimu ya Ontario inamsamehe ada mtoto ambaye mzazi wake ana kibali cha kusoma kwenye chuo kinachopata ruzuku ya jimbo. Nilikwenda ofisi ya bodi ya shule, yaani chombo kinachosimamia shule za serikali za eneo zima, na kibali changu, barua ya chuo, pasipoti ya mtoto, kadi yake ya chanjo na uthibitisho wa mahali tunapokaa, akaandikishwa. Angalieni nilivyosema: chuo cha umma, tena programu ya kupata cheti au digrii. Kozi ya Kiingereza peke yake haihesabiki. Na chuo cha mzazi nacho kina ada yake ya kimataifa, kwa hiyo msije mkanielewa kwamba kuna njia ya bure kabisa.

Mtoto wa dada alikuja peke yake, kama mwanafunzi wa kimataifa. Kwake ada ilikuwa ada. Bodi nyingi za miji mikubwa zinatoza kama dola 14,000 hadi 18,000 za Kanada kwa mwaka. Chukua ya katikati, 16,000: ni zaidi ya shilingi milioni 25 za Tanzania, na kwa ndugu zangu wa Kenya ni karibu milioni moja na nusu. Hapo mtoto hajala, hajalala, hajanunuliwa koti. Mimi ni mama yake mdogo, na kwetu mtoto wa dada ni mwanao. Lakini kwenye fomu ya bodi hakuna mahali pa kuandika mama mdogo.

Baridi na kusoma kwa bidii mmeshasikia kwa wengine, naviacha. Niendelee na hela, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Mtoto asiye na ndugu huku hukaa na familia mwenyeji, na familia hiyo inalipwa kila mwezi, mara nyingi dola elfu moja na zaidi. Bima ya afya ya jimbo, kwa Ontario, haimhusu mwanafunzi wa kimataifa, inabidi alipiwe bima nyingine. Maombi ya kibali cha masomo ni dola 150. Alama za vidole ni dola 85, ila mtoto ambaye hajafikisha miaka 14 hachukuliwi. Kuna vipimo vya afya, navyo hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na uhamiaji wa Kanada tu, hata kama daktari wenu wa familia ni bingwa.

Halafu ipo hela ya kuonesha. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mtu mmoja anayeomba kuja kusoma nje ya jimbo la Quebec anatakiwa kuonesha dola 22,895 za kujikimu kwa mwaka, mbali na ada na mbali na nauli. Mpaka mwisho wa 2023 kiwango kilikuwa 10,000. Kwa hiyo kama jirani alimleta mwanawe miaka ile akakupigia hesabu zake, hesabu hizo zimeshapitwa.

Na hapa zinakwama hata familia zenye uwezo. Baba ana duka, mzigo unatoka na kuingia, hela inazunguka kwenye simu na mkononi, benki haionekani. Wiki ya kuomba kibali ikifika wanaanza kukusanya: huyu anakopa kikoba, yule anauza kiwanja, akaunti iliyokuwa na laki tatu inalala na milioni sitini. Afisa anayesoma faili hamjui baba, haijui biashara yake, anachokiona ni hela iliyoingia jana. Kama umeuza kiwanja, ambatanisha mkataba wa mauziano. Kama kaka yako anakusaidia, weka barua yake, taarifa zake za benki, na vyeti vinavyoonesha ni kaka yako kweli. Nimeona watoto wazuri, wenye maksi nzuri, wakinyimwa kibali si kwa sababu wazazi hawana, ila kwa sababu hela yao haikuwa na maelezo. Inanisikitisha sana.

Sababu nyingine inayojirudia kwenye barua za kukataliwa ni kwamba afisa hakuridhika kuwa mtoto ataondoka Kanada masomo yakiisha. Wazazi wanaichukulia kama tusi. Ni kifungu cha kanuni zao, na kinajibika kwenye barua ya maelezo: kwa nini Kanada, kwa nini darasa hilo, akimaliza anarudi kufanya nini, kwa nini familia imeamua kutumia hela hii wakati shule zipo nyumbani. Barua ya kusema tu kwamba elimu ya Kanada ni bora duniani haijibu chochote. Jambo moja la afadhali: vibali vya wanafunzi vilipowekewa kikomo mwaka 2024, wanafunzi wa msingi na sekondari hawakuingizwa kwenye ile barua ya uthibitisho ya jimbo ambayo wengi wa vyuo wanadaiwa.

Sasa mlezi. Mtoto wa chini ya miaka 17 anayekuja bila mzazi lazima awe na mlezi huku, na mlezi awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Ndugu mwenye kibali cha kusoma au cha kazi hawezi; mimi nilisaini nikiwa nimeshapata ukaazi. Kuanzia 17 mpaka umri wa utu uzima wa jimbo husika, ambao Ontario ni 18 na British Columbia ni 19, afisa ndiye anaamua kama mlezi anahitajika. Fomu ina kurasa mbili. Mmoja mlezi anausaini huku mbele ya notari, yaani mthibitishaji wa saini, wa pili wazazi wanausaini nyumbani mbele ya wakili. Wazazi, nimesema, si mama peke yake. Mama anayelea mwenyewe ajiandae kueleza baba yuko wapi, awe na hukumu ya malezi au cheti cha kifo, kutegemea hali yake.

Sisi tulihangaika na herufi moja. Cheti cha kuzaliwa cha kijana kiliandikwa jina hivi, pasipoti ikaandikwa vile. Ikabidi dada aende kula kiapo, karatasi zigongwe muhuri upya, na mimi huku nilipie notari kwa mara nyingine kwa sababu ukurasa wangu ulikuwa na jina la zamani. Kila muhuri una bei yake, na kila ofisi ina foleni yake. Kama una mpango huu, leo hii toa vyeti vyote vya mtoto uvipange mezani usome jina herufi kwa herufi. Hiyo kazi haina gharama.

Niseme na hili la familia, maana linanikaa rohoni. Ada ilikwenda moja kwa moja kwa bodi, risiti zote dada anazo. Hela iliyoleta maneno ni ya matumizi. Nilipomwambia shemeji kwamba kijana anahitaji nauli, viatu vya baridi na chakula, habari ikazunguka ukoo mzima kwamba namlipisha mtoto wa dada yangu kula kwangu. Jamani. Kijana wa miaka kumi na tano anakula, na ana haki ya kula. Mimi napokea mshahara wa kulea wazee kwenye nyumba ya wazee, na pango linakwenda na nusu yake. Shule ikipiga simu kwamba mtoto anaumwa, ninayeacha zamu ni mimi, na zamu niliyoiacha silipwi. Sikumchukua kwa kulazimishwa, nampenda, na ningemchukua tena. Lakini aliyesaini kwamba atamtunza mtoto huyu mbele ya sheria ni mimi, na nilisikitika kuona watu wanaiona ile saini kama hisani ndogo ya kuazimana mwavuli.

Shuleni kwenyewe sina malalamiko. Mwaka unaanza Septemba na kuisha Juni, kwetu unaanza Januari, kwa hiyo kuna miezi mtoto atakaa akisubiri au atakatisha darasa. Akifika anapimwa Kiingereza na hesabu, na mkuu wa shule ndiye anaamua masomo yake ya nyumbani yana thamani ya krediti ngapi, yaani hesabu ya masomo anayohesabiwa ameshamaliza. Diploma ya sekondari ya Ontario inataka krediti 30, mtihani wa kusoma na kuandika, na saa 40 za kujitolea kwenye jamii. Mzazi wa mtoto aliyemaliza kidato cha nne mara nyingi ananiambia anakuja kugusa tu kisha chuo kikuu. Anaweza kujikuta darasa la 11 kati ya 12, na miaka miwili ya ada mbele yake. Waulizeni bodi kabla, si baada ya kulipa.

Na tafadhali, asiwadanganye mtu kwamba kijana wa sekondari atafanya kazi za jioni ajilipie. Kibali chake hakimruhusu kufanya kazi. Ruhusa mnayoisikia ni ya wanafunzi wa vyuo. Wala miaka ya sekondari haimpi kile kibali cha kazi cha baada ya masomo. Wapo mawakala wanaouza sekondari kama njia ya mkato ya ukaazi, wanachukua hela za watu waliouza mashamba. Ada inalipwa kwenye akaunti ya bodi, na barua ya kukubaliwa inatoka bodi. Wakala akikwambia ulipe kwake halafu yeye ndiye atawalipa, hapo ondoka. Bodi nyingi zinarudisha ada kibali kikikataliwa, zinabakiza ya maombi tu, lakini zinamrudishia aliyezilipa. Someni masharti hayo kabla ya kutuma.

Haya yote ni ya kwangu na ya Ontario. Kanada haina wizara ya elimu ya taifa, kila jimbo lina sheria zake na kila bodi ina bei yake. Quebec sekondari inaishia darasa la 11 na shule nyingi ni za Kifaransa, kwa hiyo ndugu zetu wa Kongo na Burundi huenda wakapaona pazuri kuliko mimi. Alberta wana mitihani ya jimbo inayobeba asilimia 30 ya maksi. Mwenzangu mwingine atakwambia tofauti na asiwe mwongo.

Mwisho, wale mnaoniomba niwe mlezi wa watoto wenu. Nimesoma kila ujumbe, hata ule wa mama wa Morogoro aliyeweka picha za ripoti za binti yake, na binti ana akili kweli. Jibu langu ni hapana, na nawaomba msiliite roho mbaya. Simjui mtoto, hanijui, na siku akiugua usiku sitakuwa na zamu nyingine ya kuacha. Mama, tafuta kwenye ukoo wako mtu mwenye ukaazi aliyewahi kukaa nyumba moja na binti yako. Ukikosa, iandikie bodi yenyewe uulize kama wana walezi wanaowatambua na wanatoza kiasi gani, uiweke bei hiyo kwenye hesabu kabla hujagusa kiwanja.