Chipu Kwanza, Ndipo Chanjo

Mhadhara uliotolewa Kisumu tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani

Asanteni. Nimeona wengi wenu mmekuja na mbwa, wako pale nje chini ya mwarobaini, na kelele zao tunazisikia. Sitapoteza muda kuwaeleza kichaa cha mbwa ni nini. Mtu wa kwanza kuandikwa rasmi kuwa na ugonjwa huo hapa Kenya alikuwa mwanamke wa ukanda huu huu wetu wa Ziwa Victoria, mwaka 1928. Tunaujua.

Nimeombwa nizungumzie mbwa anayevuka mpaka. Nimelisema hili mara nyingi, na nitalisema hadi nichoke: chipu kwanza, ndipo chanjo. Mkisahau mengine yote ya leo, shikeni hilo.

Chipu yenyewe ni kama punje ya mchele. Inadungwa chini ya ngozi, katikati ya mabega. Haina betri wala haionyeshi mbwa yuko wapi. Ina namba ya tarakimu 15, basi, na namba hiyo inajitokeza ukipitisha mashine ya kusomea. Sasa kila mara kuna mtu ataniambia, "Daktari, dawa si iko mwilini? Namba ina kazi gani?" Kazi yake ni kusema aliyedungwa dawa hiyo ni nani! Kitabu cha chanjo kikiandikwa "dume, kahawia, masikio yamelala," mbwa wa aina hiyo ni wangapi kutoka hapa hadi Kondele? Afisa aliye Ujerumani hamjui mbwa wako. Anajua namba, na anajua tarehe. Chanjo ikitangulia chipu, kwake ni chanjo ya mbwa asiyejulikana, kwa hiyo haihesabiki.

Niwaambie ya mbwa mmoja aitwaye Simba. Mama mmoja wa hapa Kisumu, muuguzi, alipata kazi Ujerumani. Angesafiri mwanzo wa Agosti pamoja na watoto wake wawili na mbwa wao. Walikuja kwangu mapema, si watu wa kukimbizana na dakika ya mwisho. Nikamchanja Simba tarehe 3 Machi, nikabandika ile karatasi ndogo ya chupa kwenye kitabu, nikatia sahihi. Siku hiyo chipu zilikuwa zimeniishia. Nikamwambia mama arudi zikifika. Akarudi tarehe 17 Mei, nikamdunga Simba chipu, nikaandika tarehe. Kitabu kikapendeza, mihuri yote ipo.

Mwezi wa Julai wakapeleka karatasi kutafuta cheti cha afya cha serikali. Afisa alifungua ukurasa mmoja, akaweka kidole kwenye Machi, akaweka kingine kwenye Mei, akafunga kitabu. Hakuwa na makosa. Makosa yalikuwa yangu, na sahihi ni yangu.

Tukaanza upya tarehe 9 Julai. Chanjo tena. Siku 30 zipite ndipo utoe damu ya kupima kingamwili, hiyo ikawa tarehe 8 Agosti. Kisha miezi mitatu tangu siku ya kutoa damu, ndipo Ulaya wamruhusu kuingia: tarehe 8 Novemba. Familia ikaondoka, Simba akabaki kwa nyanya yao, huko Ahero. Kijana wa miaka minane alikuwa akipiga simu kila Jumapili, nyanya anaweka sauti juu, anaisogeza simu sikioni mwa mbwa. Nyanya aliniambia, "Daktari, anatega masikio, anazunguka nyumba yote, halafu anaenda kulala langoni." Na kwa sababu sheria ya Ulaya inataka mwenye mbwa asafiri ndani ya siku tano za safari ya mbwa wake, la sivyo mbwa anahesabiwa kama bidhaa, ilibidi yule mama arudi Novemba kumchukua. Nauli ya pili hiyo, mshahara wa miezi ya kwanza. Ndiyo maana mkiniona mkali, mnielewe.

Mtu atauliza, miezi mitatu ya nini kama damu imeonyesha kinga, ile yuniti 0.5 kwa mililita wanayoitaka? Sikilizeni. Virusi vya kichaa husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, wakati mwingine hata mwaka. Mbwa aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa wiki moja kabla ya chanjo anaweza kusimama mbele yako akitingisha mkia, damu yake ina kingamwili, na ugonjwa uko njiani. Ule muda ni wa kuungoja ugonjwa ujitokeze.

Kwa hiyo hesabuni nami. Mbwa akipata chipu na chanjo leo, 28 Septemba, damu ni 28 Oktoba, Ulaya ni 28 Januari. Krismasi hayupo huko, hata ukilia.

Sasa Busia, pale mpakani na Uganda. Najua mnachotaka kusema: mbwa wa Busia anavuka mwenyewe asubuhi kutafuta mifupa kwenye bucha ya upande wa pili, nani anamuuliza kibali? Ni kweli, na ndiyo hoja yangu! Ugonjwa hausimami kwenye kizuizi, ndiyo maana tunahitaji mbwa 7 katika kila 10 wawe wamechanjwa pande zote mbili. Lakini wewe unayempeleka mbwa Jinja kwa makusudi, ukampakia kwenye boda boda upitie njia za panya kwa sababu kibali kutoka Uganda na cheti cha daktari wa serikali wetu ni usumbufu, unafanya jambo tofauti. Akimuuma mtoto kule, hakuna karatasi ya kumwambia muuguzi kama alichanjwa. Na karibu wote wanaokufa duniani kwa kichaa wameumwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao. Sitaki kusikia habari ya usumbufu.

Marekani, haraka haraka: tangu tarehe 1 Agosti 2024 mbwa awe na miezi sita au zaidi, na awe na chipu. Kenya iko kwenye orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa, kwa hiyo karatasi zao ni nyingi, anzeni mapema zaidi. Uingereza wanataka dawa ya minyoo pia, apewe na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika, na iandikwe. Kizimba cha kumsafirishia mbwa kwenye ndege nilitaka kukieleza kwa urefu, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Kiwe kipana, mbwa aweze kusimama na kugeuka. Mengine niulizeni nje.

Twende basi. Mbwa wa boma tu, ambao hawasafiri, meza ya chanjo iko kushoto na hawahitaji chipu. Wanaosafiri waje kwangu kulia, karibu na lango. Chipu za leo zinatosha, nimezihesabu mwenyewe asubuhi. Sindano ya chanjo sitaigusa kabla sijaiona ile namba kwenye mashine.